Kidonge kimoja, dawa mbili: umelisoma boksi la bibi?

Pengine nyumbani kwenu kuna mtu mwenye presha. Bibi, baba au shangazi. Na pengine wewe uliye sekondari ndiye unayeitwa: "Hebu njoo unisomee, hapa wameandika nini?" Basi sikia, msomaji wa maboksi, leo tunaongea na wewe.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Ikipimwa zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Haiumi, na ndio ubaya wake! Mtu anapika, anacheka, kumbe moyo, figo na ubongo vinaharibika kimyakimya.

Kwa wagonjwa wengi dawa moja haitoshi, maana presha hupanda kwa njia zaidi ya moja. Amlodipini hulegeza mishipa. Losartani huzuia homoni inayoibana. Hidroklorothiazidi hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, ndiyo maana humezwa asubuhi, la sivyo bibi atakesha akienda msalani. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kutoka nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa kwa Waafrika weusi michanganyiko yenye amlodipini inashusha presha vizuri kuliko ule wa perindoprili na hidroklorothiazidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya mchanganyiko wa dawa za presha katika orodha yake ya dawa muhimu. Kidonge kimoja kwa siku ni rahisi kukumbuka kuliko viwili au vitatu.

Sasa hatari iko wapi? Iko kabatini.

Tuseme bibi alikuwa anameza amlodipini peke yake. Kliniki wamembadilishia, wamempa kidonge chenye amlodipini na losartani humohumo. Anarudi nyumbani, boksi la zamani bado lina vidonge kumi. Atupe? Thubutu, hela zilitoka! Anameza vyote. Yeye anahesabu vidonge viwili, lakini mwilini amlodipini imeingia mara mbili. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka, usiku anainuka ghafla na kuanguka. Kisha watu wanasema dawa mpya ni mbaya, naye anaacha zote. Presha inapanda tena na kiharusi kinamsogelea.

Kwa hiyo usihesabu vidonge, soma majina. Lile jina kubwa linalong'aa mara nyingi ni la biashara tu. Dawa zenyewe zimeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na vipimo. Ukiona 5 na 50, kwa mfano, ni miligramu 5 za amlodipini na 50 za losartani. Jina moja likitokea kwenye maboksi mawili, usimwambie bibi aache chochote kwa kichwa chako. Nendeni kliniki au kwa mfamasia siku hiyohiyo.

Akisahau dozi, ameze akikumbuka. Ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, aiache ile, asimeze mbili. Na kumgawia jirani "kwa sababu na yeye ana presha" hapana kabisa. Losartani na jamaa zake huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni, kwa hiyo dada au mama anayezitumia akihisi ana mimba aende kliniki mara moja. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza zinaweza kuumiza figo. Maumivu ya kawaida yatafutiwe parasetamoli. Akiharisha au kutapika sana, apelekwe zahanati na aseme anatumia dawa gani, kwani huenda wakamsimamishia kwa muda. Midomo, uso au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura, mkimbizeni hospitali.

Siku ya kliniki, tia maboksi yote kikapuni, ya zamani na mapya, hata ya maumivu na dawa za kienyeji. Bibi akikubali, ingia naye kwa daktari uulize: "Kati ya hizi, ipi anaacha leo?" Jibu liandike juu ya boksi lenyewe, kwa herufi kubwa.