Fremu ya bomba lililotanuliwa kwa maji: fikiri kabla ya kuchomelea

Wasafirishaji wanaotoa bidhaa Mbarara kupeleka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanazijua barabara za vumbi za Juru na Rubondo. Gari likirudi na fremu iliyopinda, dawa ya gereji ni moja: moto wa gesi, nyundo, kisha kiraka cha chuma. Kwa magari mengi madogo ya kisasa dawa hiyo ni sumu, na sababu iko kiwandani.

Sehemu nyingi zinazobeba injini na miguu ya magari hayo hutengenezwa kwa njia iitwayo haidrofomingi. Bomba la chuma hulazwa ndani ya kalibu, kalibu ikafungwa kwa mashine nzito. Bomba hujazwa maji, ncha zake huzibwa, kisha presha hupandishwa. Tairi la lori hujazwa upepo wa PSI 110 hivi. Hapa presha huvuka PSI 10,000, na kazi nyingine hupita 50,000. Bomba huvimba hadi likabanwa na kuta za kalibu na kuchukua umbo lake.

Je, bomba likitanuka ukuta wake hauwi mwembamba? Huwa. Ndiyo maana mashine husukuma ncha zake kwenda ndani wakati huohuo, chuma kiingie mahali panapovimba. Tena chuma kikivutwa kikiwa baridi huwa kigumu zaidi. Aliyewahi kupinda waya mara mbili mahali pamoja anajua. Bomba moja hufanya kazi ya vipande kadhaa vya kuchomelewa, kwa uzito mdogo. General Motors ya Marekani ilitumia njia hiyo sehemu ya mbele ya fremu ya pikapu Chevrolet Silverado, modeli ya 1999.

Ugumu huo uliopatikana kwa baridi ndio unaoondolewa na moto. Chuma kikipashwa hadi kuwa chekundu hulainika, na mara nyingi ufa mpya hutokea pembeni mwa kiraka, si pale palipochomelewa. Mwenye gari hulipa mara mbili, akiwa na bahati. Asiye na bahati gurudumu humwacha njiani na abiria ndani.

Suala hili limekuwa kubwa zaidi tangu 2018, Uganda ilipopiga marufuku kuingiza magari mengi yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yanayopita Mombasa kuja Mbarara sasa ni mapya kuliko ya zamani, na ndiyo yenye mabomba ya aina hii.

Kuitambua si kazi. Fremu ya bati lililopondwa huwa na vipande viwili na ukingo uliounganishwa kwa vidoa vya moto. Bomba la maji halina ukingo, na umbo lake hubadilika njiani: hapa duara, mbele kidogo mraba. Malori yenye chesisi ya umbo la U hayamo humu.

Kipande kinachobeba injini mara nyingi hufungwa kwa bolti, hivyo hufunguliwa na kubadilishwa kizima. Anayenunua kilichotumika akigonge na kuchungulia matundu yake, kwani tope na maji huingia humo na kutu hula kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Chenye alama ya moto kiachwe dukani, hata bei ikishuka vipi.