Kipupwe cha Ufipa: Jiko Lisilale Ndani

Mfanyakazi wa Dar es Salaam au Tanga anapohamishiwa Rukwa, jambo la kwanza analowaarifu nduguze ni baridi. Theluji hakuna, hiyo tumeiachia Kilimanjaro. Lakini uingiapo mwezi wa Juni, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya uwanda wa Ufipa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanda huo ni nchi ya majani yenye miti michache, upepo haukuti wa kuuzuia. Mji wa Sumbawanga uko kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kusini kupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, hadi Kasesya mpakani mwa Zambia, jioni za kipupwe zina desturi moja: milango hufungwa mapema, watoto huongezewa vitenge juu ya masweta, na mazungumzo yote ya nyumba huhamia jikoni.

Huko jikoni kazi ni ndefu kuliko pwani. Katika kimo cha Sumbawanga maji huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, wala si 100, na kwa hiyo maharage hukawia kuiva hata moto ukiwa mkali. Mama mgeni hudhani ameuziwa maharage ya zamani. Dawa ni kuyaloweka tangu usiku, maana kila saa ya kupika ni mkaa, na katika nchi ya miti michache mkaa ni kitu cha kuhesabiwa.

Na ndiyo sababu chakula kikiisha kuiva, hakuna anayependa kuona makaa yaliyobaki yakiteketea bure uani. Mtoto mdogo anakohoa. Baba anasema, “Mama watoto, hebu ingiza jiko chumbani, walale na joto.” Dirisha limekwisha zibwa kwa gunia, na chini ya mlango imesukumizwa khanga kuukuu. Nani atawalaumu? Wanawapenda watoto wao.

Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho kama moshi wa kuni. Moshi wa kuni una ubaya wake, hasa kwa vifua vya watoto, lakini angalau humfukuza mtu nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayamfukuzi mtu, humbembeleza alale. Ndani ya mwili, hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Aliyelala hana nafasi ya kujua.

Wafua chuma wa kale wa Ufipa waliijua tabia ya mkaa kwa mikono yao. Matanuru yao ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yaliachiwa matundu kuzunguka chini ili hewa ijivute yenyewe kwenda juu. Tena ni hewa hiyohiyo ya sumu iliyofanya kazi ndani ya tanuru, ikiyatenga mawe na chuma chake. Lakini hakuna aliyelala tanuruni.

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya watu wasiosoma. Februari 2021, dhoruba ya theluji ilipoacha mamilioni ya watu gizani katika jimbo la Texas, Marekani, familia nyingi zilitafuta joto kwa majiko ya mkaa waliyoyaingiza ndani, na kwa jenereta na magari yaliyowashwa gereji. Watu zaidi ya kumi walikufa kwa hewa hii, miongoni mwao watoto.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Wawili watatu wa nyumba moja wakilalamika hivyo kwa wakati mmoja, na jiko liko ndani, msikae kubishana kama ni malaria. Fungueni milango, watoeni wote nje penye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali hata kama wameanza kupata nafuu. Wapo wanaokimbilia kumnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa huenda tumboni. Sumu hii imo katika damu. Tena aliyepoteza fahamu akinyweshwa kitu chochote aweza kupaliwa.

Basi joto litoke wapi? Familia ioteane moto jikoni, mlango ukiwa wazi, mpaka saa ya kulala. Watoto walale pamoja, blanketi moja chini na jingine juu, kwani baridi nyingi hupanda kutoka sakafuni. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, hupasha miguu kwa muda mrefu.

Na mkaa hautapotea. Makaa yaliyobaki hutiwa huko nje katika chungu kikuukuu au debe, yakafunikwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa. Hayo huzima upesi, na asubuhi huwashwa upya kwa uji wa ulezi. Kazi ya kulibeba jiko na kutoka nalo kwenye ule upepo, kwa maoni yangu, ni ya baba.