Kabla ya Kupanga Viti, Hesabu Milango

Mwenye ukumbi akiulizwa unachukua watu wangapi, mara nyingi hutaja idadi ya viti alivyonavyo stoo. Viti havisemi lolote kuhusu usalama. Jibu sahihi hutokana na hesabu mbili, ya sakafu na ya milango, na jibu lililo dogo ndilo la kufuatwa.

Chukua ukumbi wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8: mita za mraba 96. Jukwaa, meza kuu na spika zikichukua 16, wageni wanabakiwa na 80. Kanuni ya usalama ya Marekani, NFPA 101, hukadiria mita ya mraba 0.65 kwa kila mtu aliyekaa kwenye kiti bila meza, na 1.4 penye meza. Gawanya. Mkutano wa kusikiliza hotuba utachukua watu 123. Semina ya kuandika mezani, watu 57 tu, chini ya nusu.

Sasa milango. Kanuni hiyohiyo hudai milimita 5 za upana kwa kila mtu, kwa hiyo mlango wenye uwazi wa sentimita 80 ungetosha watu 160. Lakini watu wakizidi 50, ni lazima pawe na milango miwili, tena iliyoachana, kwa sababu moto ukianzia karibu na mlango wa pekee hakuna pengine pa kutokea. Basi ukumbi wetu wa watu 123, ukiwa na mlango mmoja, haustahili kupokea zaidi ya 50. Wapangaji wengi wa shughuli hawafiki kwenye hesabu hii.

Ukali huo unatokana na muda. Mlango wa kawaida hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, tena watu wakitoka kwa utaratibu. Watu 123 watahitaji dakika mbili. Februari 20, 2003, huko West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani katika klabu ya The Station. Wachunguzi walikadiria kwamba ndani ya sekunde 90 hivi sehemu kubwa ya ukumbi ilikuwa haikaliki. Watu 100 walikufa. Milango mingine ilikuwepo, lakini wengi walikimbilia ule walioingilia, wakabanana hapo.

Mlango unaofungukia ndani ni hatari zaidi, kwani umati ukiuegemea hauvutiki tena. Hilo lilionekana Boston mwaka 1942 katika klabu ya Cocoanut Grove, iliyojaa kupita kiasi: mlango wa mbele wa kuzunguka ulikwama, mingine ilikuwa imefungwa au ilifungukia ndani, na watu 492 wakafa. Wala msongamano hausubiri moto. Tabora, Oktoba 2008, sikukuu ya Idd, karibu watoto 20 walikufa katika ukumbi wa disko uliofurika.

Ukiwa mwanakamati wa harusi, mwalimu au kiongozi wa ibada, kabla hujalipia ukumbi zunguka ndani yake. Fungua kila mlango kwa mkono wako, uone unafungukia wapi na kama umezibwa na makreti ya soda. Penye kufuli, dai lifunguliwe kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Mwenye ukumbi akikataa, tafuta ukumbi mwingine.