Saikolojia kwa bando la shilingi 20: karo ipi ulipe, ipi uiache

Jirani yangu ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mukuru kwa Njenga. Asubuhi hubeba mkoba wake wenye mashine ya kupima presha na ile ya sukari, akapita ploti baada ya ploti mpaka jua limchoshe. Jioni moja alinikuta nimeketi mlangoni nikingoja stima irudi. Hakusalimia kwa kirefu.

"Kaka, presha naipima, sukari naipima. Lakini yule mama wa ploti ya nyuma, tangu maji yaingie kwake hajawa yeye. Hali, halali, hazungumzi. Mimi namsaidia na nini? Nimeona kozi ya saikolojia ya chuo, inasomwa kwa simu. Wanataka pesa. Nilipe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Pesa anayoulizia inatoka kwa mtu ambaye marupurupu yake kutoka Serikali Kuu ni shilingi 2,500 kwa mwezi, kaunti ikiongeza ya kwake. Wala si yeye pekee mwenye hamu hiyo. Bomoabomoa ya mwishoni mwa 2021 iliacha familia nyingi mtaani zikilala nje, kisha yakaja mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Watu wameona majirani wakibadilika mbele ya macho yao, na wanataka kuelewa. Kwa hiyo nilichukua daftari, nikapiga hesabu ya kila njia niliyoijua.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba kwa jina hilohilo la "Utangulizi wa Saikolojia" mtandaoni kunauzwa vitu vitatu, na hasara huja pale mtu anaponunua kimoja akidhani ni kingine. Kuna maarifa yenyewe. Kuna cheti cha kuonyesha kwamba umemaliza. Na kuna yuniti ya chuo, yaani somo linaloingia kwenye rekodi yako ya matokeo na kuhesabiwa kuelekea diploma au shahada. Kitu cha nne, ruhusa ya kufanya kazi ya ushauri nasaha, hakiuzwi hapo kabisa, hata kama tangazo linaongea kana kwamba kipo. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na anayefanya kazi hiyo lazima asajiliwe na bodi iliyoundwa chini yake. Kozi moja ya utangulizi haikufikishi huko, iwe umelipia elfu mbili au elfu hamsini.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kulipa shilingi 4,500 kwa kozi ya wiki sita iliyoahidi kunifanya "mshauri aliyeidhinishwa". Cheti kilikuja kizuri, kina muhuri wa rangi ya dhahabu. Nilipokipeleka mahali nilipoomba kazi, karani alikisoma, akakigeuza nyuma kutafuta nambari ya usajili wa chuo, hakuiona, akanirudishia pamoja na bahasha yake. Siku hizi, kabla sijatuma hata shilingi moja kwa M-Pesa, natafuta jina la chuo kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, au kwenye ile ya TVETA kama ni chuo cha diploma na ufundi. Kazi hiyo inachukua dakika tano.

Sasa tuje kwenye kilicho bure, maana hapo ndipo watu wa mtaa wangu wanapopitwa na kizuri zaidi. OpenStax ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani. Kitabu chao, Psychology, toleo la pili la mwaka 2020, kina sura 16, kuanzia utafiti na ubongo hadi kumbukumbu, ukuaji wa mtoto, msongo wa mawazo, magonjwa ya akili na tiba zake. Hiki si kijitabu cha kudonoadonoa. Ni kitabu ambacho vyuo vya huko huwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na leseni yake inakuruhusu kukipakua, kukinakili, kukichapisha na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Kila sura ina muhtasari na maswali ya kujipima.

Ukitaka kusikia mwalimu akiongea, Chuo Kikuu cha Yale kimeweka YouTube mihadhara 20 ya Paul Bloom iliyorekodiwa 2007, na MIT wana kozi ya John Gabrieli ya 2011. Zote bure. Coursera nao wana kozi za utangulizi wa saikolojia, na cheti chao hulipiwa. Asiyeweza kulipa anaweza kuandika ombi la kusaidiwa ada, akasubiri jibu kwa muda wa kama wiki mbili.

Ila hapa mtaani hata cha bure kina bei, nayo ni bando. Bei ninazozitumia ni zile nilizozoea za Safaricom: shilingi 20 kwa GB moja ya saa moja, 55 kwa GB 1.25 hadi saa sita usiku, na 99 kwa GB moja ya saa 24. Kitabu kizima cha OpenStax hakifiki nusu GB, kwa hiyo bando la shilingi 20 linakileta chote kwenye simu na kubakiza. Mihadhara 20 ya Yale, kwa picha ya kiwango cha 360, inakaribia GB sita. Ukiipakua kwa saa moja moja utatumia kama shilingi 120. Ukiitazama papo hapo kwa bando la 55, andaa 275. Maana yake ni kwamba kozi nzima, kitabu pamoja na mihadhara, inakuja kwa chini ya shilingi 300.

Mimi ningempa mtu kitabu kabla ya video, na sababu yangu ni mabati. Mvua ikianza kupiga, chumba cha futi kumi kwa kumi kinakuwa ngoma. Unaisogeza simu karibu, unamwona profesa akifungua mdomo, na husikii neno. Maandishi hayashindwi na mvua. Vilevile hayali betri kama video, na stima ikipotea saa mbili usiku unaweza kuendelea kusoma mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa. Anayehitaji karatasi achapishe muhtasari na maswali ya sura anayoisoma tu. Kitabu kina mamia ya kurasa, na saiba ikikutoza shilingi 10 kwa ukurasa, kukichapisha chote ni maelfu yaliyotupwa.

Udhaifu wa cha bure uko kwingine: hakuna anayekungoja. Mtafiti Justin Reich na mwenzake José Ruipérez-Valiente waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2019 kuhusu kozi za Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, waliojiandikisha wakamaliza walikuwa karibu 3 tu kwa kila 100. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 kwa kila 100. Sidhani pesa yenyewe ndiyo iliyowamalizisha. Anayelipa mara nyingi ameshaazimia. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, na mtu anayejijua kwamba huacha vitu katikati aiweke kwenye hesabu yake.

Kati ya bure na karo kamili kuna chuo kiitwacho University of the People, kilichoanzishwa 2009 na Shai Reshef na kusajiliwa Marekani. Wanasema hawatozi karo, na kweli mafundisho yenyewe hayalipiwi, lakini kuna ada ya maombi ya dola 60, kisha ada ya tathmini inayopita dola 100 kwa kila somo. Kwa dola moja kuwa karibu shilingi 130, ukiingia na kumaliza somo moja tu umeshavuka shilingi 20,000. Uzuri wake kwa mtu wa Mukuru ni kwamba masomo yao ni ya kusoma na kuandika, si ya kukaa kwenye video. Muhula ni wa wiki tisa, na unajadiliana na wenzako kwa maandishi kwa saa unayoiweza. Bando la shilingi 20 kwa siku kadhaa za wiki linatosha. Ila kinajulikana kwa shahada za biashara, kompyuta na sayansi ya afya, na huko saikolojia ni somo la kuongezea. Anayelenga kuwa mwanasaikolojia nchini Kenya aulize kwanza bodi na chuo anachotaka kuhamia kama yuniti hiyo itapokewa, na apate jibu la maandishi.

Vyuo vya hapa nyumbani ndivyo ghali zaidi, na kwa watu fulani ndivyo vyenye thamani zaidi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shule yake ya masomo ya kidijitali, Maseno ina eCampus, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha kwa njia ya mbali. USIU na Daystar zina shahada za saikolojia zinazojulikana. Shida ya mnunuzi ni kwamba mara nyingi huuziwi yuniti moja peke yake. Unasajiliwa kwa programu nzima, na juu ya karo ya yuniti kuna usajili, kitambulisho, maktaba na mtihani. Omba karatasi ya karo, jumlisha kila kitu cha muhula wa kwanza, ugawanye kwa idadi ya yuniti utakazosoma. Bei unayoipata hapo ndiyo ya kweli, na mara nyingi haifanani na ile ya kwenye bango. Ukumbuke pia mlango wa kuingilia: shahada inataka C+ ya KCSE, diploma C-.

Kisha ongeza Zoom. Saa moja ya darasa lenye video inaweza kula GB nzima. Saa tatu kwa wiki, kwa wiki 14, ni saa 42. Kwa bando la 55 hiyo ni karibu shilingi 1,900, na kwa lile la 99 inapita 4,100. Ukizima kamera inapungua. Darasa likianza saa kumi na mbili jioni, bando la hadi saa sita usiku linafaa zaidi kuliko la saa moja linalokatika mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Vyuo vingi bado huita wanafunzi kituoni kufanya mtihani. Kutoka hapa hadi Thika Road na kurudi, weka kama shilingi 300 kwa kila siku ya mtihani, na siku hiyo kibarua kimekwenda.

Basi nani alipe? Kijana aliyemaliza sekondari, ana alama, na anaijua kazi anayoitaka, asipoteze hata mwezi kwa vyeti vya mtandaoni. Akusanye pesa yake yote kwa chuo kilichoidhinishwa hapa nchini. Asiyejua bado kama saikolojia ni yake asilipe chochote kwa miezi miwili. Asome kwanza sura ya pili ya OpenStax, ile ya utafiti, ambayo ndiyo kavu kuliko zote. Akiivumilia hiyo, atazivumilia na nyingine.

Kwa jirani yangu nilikuwa na jibu la tatu. Yule mama wa ploti ya nyuma hangeweza kungoja mtu amalize kozi, na nilimwambia hivyo waziwazi. Majirani walimpeleka kituo cha afya wiki ileile. Kuhusu kazi yake ya kila siku, kuna kitu kinachomfaa kuliko somo lolote la mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani limetoa bure mwongozo uitwao Problem Management Plus, ulioandikwa ili mtu asiye mtaalamu, aliyefunzwa na kusimamiwa, aweze kumsaidia aliyelemewa na dhiki. Ulijaribiwa hapahapa Nairobi, upande wa Dagoretti, kwa kina mama waliopitia ukatili, na wahudumu wa jamii kama yeye ndio waliofanya kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha dhiki ya kina mama hao ilipungua. Nilimwambia amuulize msimamizi wake kuhusu mafunzo hayo kabla hajalipia kozi yoyote.

Kitabu alikitaka vilevile. Sasa wako wanne, wanakutana kwake Jumamosi baada ya kufua. Mmoja hupakua, wengine wanapokea kwa Bluetooth. Kitabu ni cha Kiingereza, mjadala ni wa Kiswahili, na Sheng ikizidi wanacheka wanaendelea. Walirukia sura ya tisa, ya ukuaji wa mtoto, wakamkuta mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Kabla ya umaarufu wake Marekani, mama huyo alitembelea vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955 akiwatazama watoto 28 na mama zao, na alichokiona kikawa kitabu cha mwaka 1967. Jirani yangu alishangaa kwamba sehemu ya fundisho linalosomwa dunia nzima kuhusu mtoto kumshikilia mama ilianzia Uganda. Walipofika pale mtoto anapomwogopa mgeni, mwenzake mmoja anayelea mapacha akabisha: "Lakini mtoto wa ploti hana mgeni. Wangu analala kwa mama yeyote aliye mlangoni." Walibishana hadi chai ikapoa, kila mmoja akitoa mfano wa mtoto anayemjua kwa jina.

Mwezi huu wako sura ya 14, ya msongo wa mawazo. Jirani yangu ana C wazi ya KCSE. Ameweka shilingi 300 za nauli ndani ya kasha la simu yake, za kwenda chuoni mwenyewe kuuliza karo ya diploma, na ameandika maswali yake nyuma ya karatasi aliyoichapisha saiba. Swali la kwanza linahusu nambari ya usajili.