Kaye ya Nyumba na Haki Zisizotamkwa

Mitaa ya Buyenzi na Bwiza hapa Bujumbura imejaa familia za Kikongomani, na nyingi kati yazo hazina hati. Kuna waliokimbia Kivu Kusini baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu Februari 2025, na kuna wenye miaka na miaka mjini. Habari za sheria wanazizungumza sana, lakini kwa sauti ya chini, watoto wakishatumwa dukani, na wakili wao ni jirani aliyetangulia kufika.

Tazama kaye ya nyumba. Ni daftari la kawaida ambamo kila kaya ya mjini hutakiwa kuandika wakaaji na wageni wake, na polisi huliomba wanapopita alfajiri kusaka. Mbele ya daftari hilo ndipo familia huamua nani ajulikane na nani afichwe. Baba anaandikwa, mpwa aliyevuka mto Ruzizi wiki iliyopita anaachwa. Mtoto anafundishwa: “Wakikuuliza, sema umekuja kumsalimia shangazi.” Simlaumu mzazi huyo, hofu yake ina sababu. Lakini mtoto anakua akiijua sheria kama kitu cha kukimbiwa, na siku atakapoihitaji hatajua aanzie wapi.

Sentensi ninayoisikia zaidi ni: “Hatuna karatasi, kwa hiyo hatuna haki.” Si kweli. Burundi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1963, na tangu 2008 ina sheria yake ya hifadhi. Mtu ni mkimbizi tangu pale anapokuwa nje ya nchi yake na kutimiza vigezo vya Mkataba. Hati huja baadaye kumtambua. Kifungu cha 33 cha Mkataba kinakataza kumrudisha mahali ambako maisha au uhuru wake uko hatarini. Kifungu cha 31 kinakataza kumwadhibu kwa kuingia bila ruhusa, ila kina sharti: ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu nzuri. Hapo ndipo ushauri wa jirani, “tulieni kwanza,” unapoumiza. Kila mwezi wa kujificha unaipunguzia familia nguvu ya kujieleza.

Maombi hupelekwa ONPRA, ofisi ya taifa ya kulinda wakimbizi na wasio na utaifa. Anayekataliwa anaweza kukata rufaa, jambo ambalo watu wengi hawaambiwi nyumbani. Wakisikia “wamekataa” wanarudi mafichoni.

Wapo wanaosema ukijiandikisha utapelekwa kambini. Hili halikuzuka hewani: wengi waliovuka mwaka 2025 walihamishiwa Musenyi, mbali kabisa na Bujumbura, na mwenye cherehani yake na wateja wake ana cha kupoteza. Basi lizungumzwe hivyo, kama uamuzi wenye faida na hasara, mama na vijana wakubwa wakiwepo, badala ya baba kuamua peke yake usiku. Wengine hujifariji kwamba Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni kweli, ila uhuru wa kwenda na kurudi ndani ya Jumuiya bado unadai hati ya kusafiria, na anayetaka kuishi anahitaji kibali cha kukaa.

Linalonisumbua zaidi ni watoto wanaozaliwa hapa. Wazazi huogopa kwenda kumwandikisha mtoto wakidhani wanajipeleka polisi, ilhali uandikishaji wa kuzaliwa ni wa kila mtoto na sheria imeuwekea siku 15. Haumpi uraia. Kwa Sheria ya Uraia ya 2000, mtoto humfuata baba, na mama Mrundi humrithisha uraia pale tu baba asipotambuliwa kisheria, ingawa Katiba imeahidi usawa kwa watoto wa wote wawili. Lakini cheti kinathibitisha wazazi wake ni nani na alizaliwa wapi, na bila hayo hakuna nchi itakayomkubali kwa urahisi. Bujumbura inalijua hilo: wazao wa Waomani wameishi hapa vizazi kadhaa bila uraia wa nchi yoyote.

Kwa hiyo, mzazi unayesoma haya, kama siku 15 hazijapita, nenda ukamwandikishe mtoto wako. Zikiwa zimepita, nenda pia, uulize utaratibu wa waliochelewa, na usiondoke bila karatasi yenye mhuri.