Franga zilizopita haki yako: sema mapema

Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya kofia, viatu na miwani ya kazi. Leo tunasema juu ya franga. Usishangae. Sisi wa dispensari tunajua kwamba mutu mwenye kuogopa deni anaweza kuficha kidonda.

Tuchukue mufano.

MUTUMISHI MUMOJA WA SHITURU

Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Hapa shaba inayeyushwa kwa asidi, kisha inashikwa kwa umeme. Siku moja asidi inaruka na kuunguza mukono wa mutumishi. Munganga anamwandikia siku 30 za kupumuzika. Tuseme mushahara wake wa siku ni franga 30.000. Kwa kila siku ya kupumuzika atapata sehemu mbili katika tatu, maana yake franga 20.000.

Kidonda kinapona upesi. Siku ya 20 munganga anatia sahihi karatasi ya kurudi kazini. Mutumishi anaitia katika mufuko wa koti, na inabaki humo. Biro ya mishahara haina habari. Inalipa siku zote 30, na kapita anamuhesabia pia siku 10 alizofanya kazi. Kwa siku 10 amelipwa mara mbili: franga 200.000 zimepita haki yake.

Nyumbani ni furaha. Ananunua mufuko wa unga, analipa masomo ya watoto. Baada ya miezi mitatu hesabu inaonekana. Marafiki wanamutisha: «Watakata mushahara wako muzima!» Wiki ile ile asidi inaruka tena, sasa juu ya muguu. Anasema moyoni: «Nikienda dispensari watafungua karatasi zangu.» Anafunga kitambaa na kunyamaza. Siku ya nne anabebwa na wenzake, muguu umevimba na kuoza. Deni la miezi mitano lingeweza kumukosesha muguu wa maisha yote.

SHERIA INASEMA NINI?

Tangu zamani, kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, sheria ya Kongo inasema: anayepokea kitu kisicho haki yake, kwa makosa ao kwa kujua, sharti akirudishe. Aliyejua na kunyamaza anaweza kudaiwa na faida juu yake. Basi usiseme: «Makosa ni ya biro, franga ni zangu.»

Lakini sheria inakulinda pia. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaweka mupaka juu ya sehemu ya mushahara inayoweza kushikwa kwa deni. Hawawezi kukuacha bila chakula. Mutumishi wetu angepatana na biro kulipa franga 40.000 kila mwezi, na kwa miezi mitano angemaliza.

Tena, deni halifuti haki ya kutunzwa. Ajali ya pili ina karatasi yake na haki yake. INSS iliwekwa mwaka 1961, na kufuatana na sheria ya mwaka 2016 nafasi yake ikashikwa na CNSS. Ulinzi wa aliyeumia kazini ulibaki.

UFANYE HIVI

1. Ukiunguzwa na asidi, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 ao zaidi. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mwambie kapita na kuja dispensari siku ile ile.

2. Chunga karatasi tatu: ya ajali, ya siku za kupumuzika, na ya kurudi kazini. Hii ya mwisho uitoe siku ya kwanza ya kurudi, na ubaki na kopi.

3. Hesabu siku zilizo katika karatasi ya mushahara. Zikipita zile za munganga, usile franga hizo. Sema.

4. Wakikudai, omba hesabu iliyoandikwa: siku gani, franga ngapi. Kama si sawa, onyesha karatasi zako na ujisindikize na delege wa sendika.

5. Patana kwa maandishi, chunga kila risiti, na mwishoni uombe karatasi inayosema deni limekwisha.

6. Usirudi kazini mbele ya kupona ili kulipa upesi. Kidonda kibichi na asidi havipatani.

Na wewe, mama wa nyumba, mume wako akiwa anatunzwa na akileta franga nyingi kuliko kawaida, muulize: «Hizi ni za siku gani?» Ulizo hilo moja linaweza kuokoa jamaa yote.

Ndugu mutumishi, dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya kidonda ni kukionyesha. Usiache kimoja kifiche kingine.