Mwenzako haoni? Kimbieni wote!

Hebu jaribu hivi. Simama uwanjani, fumba macho, halafu rafiki yako akuvute mkono mtembee haraka bila yeye kusema neno. Hatua tano tu, umeshaanza kuburuta miguu! Sasa rudieni, ila safari hii wewe umshike kiwiko, naye akueleze kila kilichopo mbele. Umeona tofauti?

Huenda shuleni kwenu yupo asiyeona au mwenye uoni hafifu. Wenzake wakienda mchakamchaka, yeye anaambiwa, "Wewe baki, utaumia." Ni huruma, lakini inamnyima afya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kila siku. Moyo na mapafu havijui kama macho yanaona!

Wenzetu wameweza

Mwaka 1969 kundi la vijana wasioona wa Afrika Mashariki lilipanda Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2005 Douglas Sidialo wa Kenya, aliyepofuka kwenye mlipuko wa bomu Nairobi mwaka 1998, naye alifika kileleni, mita 5,895.

Mkenya mwingine, Henry Wanyoike, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 na kiongozi wake, John Kibunja, ambaye alikuwa ameugua malaria. Karibu na mwisho kiongozi akaishiwa nguvu. Wanyoike akamkokota mpaka wakamaliza, akapata dhahabu! Hapo nani alikuwa anamwongoza nani?

Kamba na mdomo

Mkimbiaji na kiongozi hushika kamba fupi, kila mmoja upande wake, wakaenda bega kwa bega. Kamba si ya kuvuta. Ni ya kumjulisha mwenzako unageukia wapi.

Huku Moshi, ukiacha lami ya kupanda Mweka au Kibosho, unaingia vijia vya migombani. Kuna mizizi, mawe, mifereji inayokatiza njia, na masika utelezi kibao. Mwenye uoni hafifu anapata shida zaidi kwenye vivuli: kivuli cha mgomba anaweza kukidhania shimo, na shimo akalidhania kivuli. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mdomo:

- Sema mapema. "Mfereji mbele... tatu, mbili, moja, ruka!" Ukisema akishajikwaa, umechelewa.
- Usiseme "pale" au "hapo". Sema kushoto, kulia, juu, chini.
- Taja mlima unapoanza na unapoisha.
- Njia ikiwa nyembamba, tangulia, yeye ashike mkanda wa begi lako.
- Kwenye mteremko mkali, tembeeni. Hakuna soo!
- Ukikosa pumzi ya kuongea, mnakimbia mno. Punguzeni.

Kabla ya kuikimbia njia mpya, itembeeni kwanza mara kadhaa mpaka miguu iizoee.

Usisahau

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na ngozi yao huungua upesi. Kimbieni asubuhi na mapema au jioni, mkiwa na kofia pana na nguo za mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua nayo muhimu. Yapo hata yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, KCMC.

Magonjwa mengine ya macho hayataki mitikisiko, hivyo mwenzako amuulize daktari wa macho kwanza. Na mtu yeyote akianza ghafla kuona vimulimuli au kama pazia linashuka jichoni, aache mazoezi aende hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho: usimkamate mtu ghafla ukidhani unamsaidia. Muulize kwanza. Kesho filimbi ya mchakamchaka ikilia, usimpite pale mlangoni. Taja jina lako, mpe kiwiko, mwambie, "Twende?"